Katika Filamu, Mimi ni Mukono

Filamu nzima inadumu saa moja na nusu, na mimi ndani yake ni mukono. Si mimi muzima. Mukono tu, unaingia kwenye tundu la ukuta na kitambaa chenye maji, unamupa mutoto anyonye, unatoka. Katsuva alipokuja kunieleza hivyo, amekaa kwenye kiti chetu, anakunywa chai niliyopika mimi, alidhani nitamushukuru.

"Ni mukono ya maana sana, Annette," akasema. "Bila ile mukono, mutoto angekufa."

"Itasema kitu?"

"Nani?"

"Mukono."

Akacheka peke yake. Katsuva ni kijana wa Butembo, alihamia Bunia na kamera moja na maneno mingi, na mpaka leo hajui kama mutu anamutania ao anataka kumupiga.

Mutoto mwenyewe, yule anayeteseka toka mwanzo mpaka mwisho, alikuwa yaya Priscille, dada yangu mukubwa. Jina lake liliandikwa kwenye matangazo yote: *Depo ya Maharage, filamu kutokana na ushuhuda wa Priscille*. Yalibandikwa toka kwenye boulevard mpaka soko kuu. Kila nilipopanda moto, ile pikipiki ya abiria, kwenda kazini nililipita jina la Priscille, kwenye ukuta, kwenye nguzo, kwenye mulango wa kinyozi. Jina langu halikuwa mahali. Mikono haina jina.

Tuanze vizuri, ili musiseme ninasema kwa hasira tu. Ninasema kwa hasira, ndiyo, lakini ninasema vizuri.

Priscille ni mutoto wa dada mukubwa wa Mama. Wazazi wake walifariki kule Mahagi angali mudogo, Mama akamuleta kwetu Bunia, kwenye kiwanja chetu, parcelle ya Nyakasanza. Alinipita miaka kidogo. Tulilala kitanda kimoja, tukavaa sandale za kupokezana, na mimi nikamuita yaya kama inavyofaa. Siku moja, akimenya muhogo, panga lilimukata kidole kidogo cha mukono wa kushoto. Kilipona, lakini kilibaki kifupi. Hicho kidole ndicho kitu kimoja cha Priscille ambacho sikukitamani.

Kisha ndugu yetu mudogo Louis akafariki, angali ananyonya. Mama yangu, mwanamuke wa Katoliki toka tumboni, rozari kwenye kichwa cha kitanda, akashindwa kulala. Mutu akamupeleka kwenye nyumba ya maombi iliyokuwa inje kidogo ya mji. Leo haiko tena, pale wanauza simu. Waombezi wa pale walimwambia kwamba ndani ya nyumba yake kuna mutoto aliyemukula Louis kwa uchawi. Huyo mutoto akafungiwa kwenye depo, stoo walimoweka maharage, afunge bila kula wala kunywa, mpaka kile kitu kimutoke.

Quartier nzima, mutaa wetu wote, inajua ni mutoto gani. Yatima ndiye anayetazamwa wa kwanza, kila mahali ni hivyo. Na quartier nzima inajua kwamba mimi, ningali mutoto wa kuanza masomo, nilizunguka nyuma ya ile nyumba na kumupitishia dada yangu maji kwa kitambaa. Ndivyo Priscille mwenyewe anavyosimulia. Mimi sikumbuki. Ninakumbuka kasanduku ka Louis, keupe, kadogo kuliko meza. Kisha ninakumbuka niko darasani, kalamu mukononi. Katikati hapana kitu. Lakini nani anakumbuka utoto wake wote? Wamama waliponishika shavu na kusema, "Weye ulikuwa malaika," niliinamisha macho na kupokea. Ndiyo faida peke yake niliyopata katika ile habari.

Faida zingine zote zilikwenda kwa Priscille.

Chukua samaki. Siku Mama akipata samaki ya ziwa, ile kubwa ya Kasenyi, alikuwa anaipika na nyanya na vitunguu, na mimi nilikaa pale jikoni ninafuata kijiko chake kwa macho. Kipande cha tumbo, kile chenye mafuta, kilienda kwenye sahani ya Priscille. Mimi nilipewa mukia. Nikilalamika, Mama alisema bila kunitazama, "Muache. Mwenzako aliteseka." Yaya akivunja sahani, aliteseka. Yaya akichelewa kurudi, aliteseka. Nilikua na hilo neno kama mutu anavyokua na jiwe ndani ya kiatu. Kuna siku niliomba Mungu, kwa magoti kabisa, anipatie na mimi mateso, hata kidogo tu, ili nipate kile kipande cha tumbo.

Wakati jamaa ya Donatien ilikataa kumuoa Priscille, kwa sababu hawataki bibi aliyesemwa mulozi, muchawi, niliingia chumbani nikacheka ndani ya muto. Hakuolewa tena. Alijenga nyumba yake Mudzipela, nzuri, na mabati ya rangi. Na akaanza kutoa ushuhuda kanisani: alivyofungiwa, alivyolala juu ya magunia, Mungu alivyomuchunga. Watu walilia. Siku hizo mimi nilitoka inje kunyoosha miguu.

Mimi kazi yangu ni interprète. Muhubiri akitoka Kisangani ao Kinshasa anahubiri kwa Kifaransa, mimi ninasimama kandokando yake na mikro yangu, ninatoa Kiswahili. Hapa Bunia hakuna anayefanya vizuri kuliko mimi, na ninasema hivyo kwa sababu hamna mwingine wa kunisemea. Sheria ya kazi ni moja. Muhubiri akisema *mimi*, na weye unasema *mimi*. Akisema nilikuwa mwizi, unasema nilikuwa mwizi. Mimi nimeacha pombe, nimeacha bangi, nimeacha wanawake, nimefufuka hospitali mbele ya waganga, yote hayo kwa kinywa changu. Na usifikiri. Ukianza kufikiri unachelewa. Sikio linasikia, kinywa kinatoa, weye mwenyewe hauko.

Sasa filamu ya Katsuva ilikuwa kwa Kifaransa, kwa kuwa alitaka kuituma kwenye mashindano ya Wazungu. Watu wa Bunia wataielewa namna gani? Kwenye nyumba za video tumezoea mutu wa mikro anayesema juu ya filamu. Katsuva akaniomba mimi. Alitaka kunionyesha filamu kwanza, nikakataa. Nitazame nini? Habari ile nimekula nayo mukia wa samaki utoto wangu wote.

Lakini nilikubali kazi, na nitawaambia sababu. Siku ile Katsuva alipokuja, Mama alisubiri atoke, kisha akasema, akitazama ukuta, "Baada ya filamu nitahamia kwa Priscille."

Nikadhani nimesikia vibaya. "Kwa matembezi?"

"Kwa kukaa. Hapa silali vizuri."

Mimi ndiye niliyekaa naye. Mimi ndiye ninayemukumbusha dawa ya tension, ile presha ya damu, ninayemukanda miguu, ninayemupeleka misa ya asubuhi na kumurudisha. Sikuolewa, kwa ajili yake, ao ndivyo nilivyojiambia. Na yeye halali vizuri kwangu, analala vizuri Mudzipela.

"Ni mulango wangu?" nikauliza. Mimi siwezi kulala mulango ukiwa umefungwa. Toka utotoni ninaweka jiwe, ubaki wazi. Mama hapendi, anasema mwizi ataingia. "Nitaufunga, Mama. Kama ni mulango, nitaufunga."

"Si mulango," akasema, akaenda kuanika nguo.

Basi nilitaka kitu kimoja tu. Mama akae pale mbele, asikie sauti yangu muda wote wa filamu, aone kama mutoto wake wa tumbo iko na kitu ndani yake, na anitazame mara moja ginsi anavyomutazama yule. Kisha abaki kwangu. Sikutaka kingine.

Filamu ilionyeshwa siku ya posho, Jumamosi, mchana, kwenye sale, ukumbi wa kanisa. Vijana walifunika madirisha na bâche, maturubai, giza likaingia humo ndani kama usiku, na joto pia. Groupe, ile jenereta, ilikuwa inanguruma inje. Viti vya plastiki vilijaa, wengine wakakaa chini. Mimi nilisimama pembeni ya kitambaa cheupe, mikro mukononi, na pale mbele kabisa nikawaona.

Walikuwa wamevaa kitenge kimoja. Priscille alinunua kwa wawili, akashonesha kwa wawili, Mama na yeye, ndege wale wale wa bluu, mikono ile ile ya kuvimba mabegani. Mimi nilikuwa na kitenge changu cha Pasaka ya zamani. Nikajiambia, Annette, fanya kazi.

Filamu ikaanza na kaburi dogo. Kisha mulango. Katsuva anapenda mulango, sijue alifundishwa wapi. Kamera inakaa juu ya mulango muda murefu, hamna kinachotokea, watu wanaanza kukohoa, na pale unapotaka kusema sasa inatosha, kitasa kinacheza kidogo. Wamama wa maombi wanaimba, huwaoni sura, unaona magoti na vitenge. Mutoto anaingizwa. Mulango unafungwa. Ilikuwa mutoto mwembamba, sura ya Priscille kidogo. Nilitafsiri vizuri, kwa sauti ya chini, polepole, na sale ikanyamaza. Nilimutazama Mama. Alikuwa anatazama chini.

Mutoto akalala juu ya magunia. Akasema kwa Kifaransa kwamba ana kiu.

"Niko na kiu," nikasema.

Ilikuwa mara yangu ya kwanza kusema lile neno kwa ajili ya ile habari. *Niko*. Ulimi ukakauka palepale, nikalamba midomo. Nikafikiri, ni joto ya hii sale.

Kisha filamu ikanyamaza. Mutoto hasemi, wamama hawaimbi, ni mwanga tu unaoingia kwenye tundu la ukuta, mudogo kama sarafu. Filamu ikinyamaza, interprète ananyamaza. Hiyo hata mwanafunzi anajua. Nikanyamaza.

Na kwenye baffle, kile kipaza sauti kikubwa, nikasikia sauti yangu.

"Magunia inauma mugongo," ilikuwa inasema. "Maharage inaanguka, inaingia ku nguo. Kuko panya mumoja. Nimemuita Louis."

Katsuva aliinua kichwa nyuma ya kompyuta yake. Mimi nilitaka kushusha mikro. Mukono haukushuka.

"Wanakuja wananiuliza, ulimukula wapi mutoto. Ninasema sikumukula. Wanafunga tena. Wanakuja, wananiuliza, ulimukula wapi. Ninasema nilimukula jikoni, na chumvi. Ninasema hivyo ili wafungue. Wanaimba nguvu, wanafunga tena."

Haikuwa sauti yangu ya mimbari. Ilikuwa nyembamba, na ilikuwa inasema vile watoto wanasema, bila kupanda wala kushuka. Watu walidhani ndiyo filamu. Mwanamuke mumoja kule nyuma alianza kulia, mwingine akasema, "Yesu wangu." Kwenye kitambaa cheupe hamna kinywa kilichofunguka. Mutoto wa Katsuva alikuwa amelala, anatazama mwanga.

Ndipo mukono ukaingia. Mukono wangu, ule wa maana sana. Mukono muzuri, wa mutoto wa kuchaguliwa, vidole vyote virefu, na kitambaa cheupe kinachodondosha maji.

"Hapana," nikasema kwenye mikro. "Kitambaa haikuwa nyeupe. Ilikuwa ya kijani, kipande ya kitenge ya Mama. Iko na ladha ya sabuni. Ninanyonya, ninasikia sabuni ku meno."

Nikasimama hapo na lile neno kinywani. Ladha. Anayepeleka kitambaa hajui ladha yake. Anajua baridi yake, anajua uzito wake. Ladha inajulikana na aliyenyonya.

"Na ile mukono si yenyewe," nikaendelea, kwa kuwa sikuweza tena kuacha. "Mukono yenyewe iko na kidole kifupi."

Bunia haiko kubwa. Kuna watu waliomujua Priscille toka utoto, wakaanza kugeuza vichwa kumutazama. Mimi pia nilimutazama. Mukono wake wa kushoto ulikuwa juu ya goti lake. Akauchukua polepole, akauficha ndani ya kitenge, chini ya wale ndege wa bluu. Mama hakugeuka, hakumuuliza mutu maana yake nini. Alibaki anatazama chini. Mutu asiyejua angeshangaa.

Nikaweka mikro juu ya kiti. Filamu iliendelea kwa Kifaransa, watu wakaanza kunung'unika, mutu akasema, "Interprète, fungua kinywa." Nikatoka.

Nilienda kwa miguu mpaka nyumbani, vumbi usoni, moto zikinipigia honi. Mungefikiri nililia. Sikulia. Ninawaambia ukweli, kitu cha kwanza kilichonijia kilikuwa wivu ule ule, na sasa ulikuwa na meno. Nilisema ndani yangu, ameniiba. Alichukua mateso yangu, akayavaa, yakamukaa vizuri, na akakula nayo tumbo la samaki miaka yote. Ile samaki ilikuwa yangu. Yale machozi ya wamama yalikuwa yangu. Hata filamu, jina kwenye mulango wa kinyozi, ilikuwa yangu.

Walikuja jua likiwa bado juu. Sanduku la Mama lilikuwa limesimama karibu na mulango toka asubuhi, limefungwa kwa kamba. Mama alipita kando yake, akakaa kwenye kiti chake. Priscille alibaki amesimama.

"Nani alikuwa ndani?" nikauliza.

Mama alishika kona ya kitenge chake, akaikunja, akaikunjua.

"Weye," Priscille akasema.

"Na aliyepeleka maji?"

"Mimi."

Nilimugeukia Mama. "Sema weye. Ninataka kusikia kwako."

Alisema, na sauti yake ilikuwa ya kawaida, kama mutu anayeeleza njia. "Walisema ni weye, Annette. Mimi niliwauliza kama si yule mwingine. Mungu anisamehe, niliuliza kama si Priscille. Wakasema ni yule wa tumbo yako. Nikakupeleka. Nilikushika mukono, ulikuwa unauliza kama tunaenda kwa Louis."

"Endelea."

"Ulipotoka haukuwa na sauti. Haukusema na mutu, wala kulia. Siye tulidhani umekuwa bubu. Kisha siku moja uliomba chai. Hivi tu, chai. Ukaanza kusema tena, na haukuuliza kitu. Nikasema Mungu ameifuta ile habari, mimi ni nani nikukumbushe?" Akapumua. "Majirani walikuwa wanaulizana ni mutoto gani alifungiwa. Weye utaolewa na nani, wakijua? Nikasema ni ule wa marehemu dada yangu."

"Ulimuuliza, yeye?"

"Sikumuuliza."

Priscille alikuwa anatazama inje kupitia mulango. "Nilikubali tu," akasema. "Nilikuwa ninakula chakula yake. Ningekatala niende wapi?"

"Na ukala vizuri," nikasema. Sikuweza kujizuia. "Tumbo ya samaki kila siku. Kila mutu anakuhurumia. Jina langu la mateso umelifanya filamu."

Ndipo akanigeukia, na nilimuona kwa mara ya kwanza amekasirika. Miaka yote sikuwahi kumuona hivyo.

"Jina lako?" akasema. "Pa robinet, kwenye bomba la maji, walinirushia mawe, wakiniita mulozi. Hiyo ilikuwa jina lako. Kwenye darasa hakuna aliyekaa na mimi, kwa kuwa eti nitamukula. Jina lako. Mama ya Donatien aliosha kikombe nilichokunywea mara mbili mbele yangu, kisha akakitupa. Nilikuwa ninampenda ule mwanaume, Annette. Nilikuwa na jina lako mukononi, sikuweza kuliweka chini, kwa kuwa weye ulikuwa unacheza kamba pale inje, unaimba."

"Basi kwa nini ulisimama kanisani useme *mimi*?"

"Walishasema ni mimi. Nikaona heri nisimulie mwenyewe, nisimulie vizuri, iwe na Mungu ndani." Alikaa sasa, kwenye mukeka. "Na kulikuwa na kitu kimoja tu kizuri katika yote, ile maji. Nilikuwa ninatoka jikoni kwetu mbio mpaka kule, wakinipata wangeniingiza na mimi. Hicho ndicho kitu kizuri nilichofanya katika maisha yangu, na sikuweza kukisema ni changu, kwa sababu katika ile habari mimi ndiye nilikuwa ndani. Nikakupa weye. Watu wakakuita malaika. Niliona ulikuwa unapenda."

Nilikuwa nimepokea kweli. Nilikuwa nimeinamisha macho vizuri kabisa, kila mara, kwa kila shavu lililoshikwa, na mukono haukuwa wangu.

"Na weye, Mama," nikasema, kwa kuwa nilitaka kumalizia mahali fulani. "Unakimbilia kwake kwa nini? Kwa sababu ulimuibia jina?"

Mama akanitazama. Ule mutazamo nilioutaka utoto wangu wote, ndio huu, uso kwa uso, macho yake yamekwisha kuwa na ukungu wa uzee. Haukuwa na upendo zaidi ya ule aliompa Priscille. Ulikuwa wa woga.

"Kila usiku ninasikia unaweka jiwe ku mulango," akasema. "Umekuwa mutu muzima, bado unaweka. Ninalala pale upande ingine ya ukuta ninangojea siku utaniuliza kwa nini unaliweka. Kwa Priscille hapana jiwe. Ndiyo maana ninalala."

Basi miaka yote niliona kwamba hanitazami kwa sababu anamupenda yule, kumbe alikuwa ananiogopa. Samaki ile haikuwa ya kumupenda Priscille. Ilikuwa ya kumunyamazisha, ao ya kujinyamazisha yeye.

Akashika magoti kama mutu anayetaka kusimama. "Ukisema niende, nitaenda. Ukisema nibaki, nitabaki. Sanduku si zito."

Mutu mwema angefikiri kidogo. Angemuonea huruma, ao angemufukuza, moja ya mbili. Mimi nilimutazama Priscille kwenye mukeka, kitenge chake cha ndege, kile cha kufanana na cha Mama.

"Baki," nikasema.

Sikumusamehe. Sitaki mudhani nilimusamehe. Sikutaka tu Priscille amupate.

Mama alisimama, akaenda jikoni. Kulikuwa na samaki, alikuwa amenunua asubuhi kwa ajili ya kuagana. Tulisikia mafuta, tukasikia kisu kwenye ubao. Sanduku lilibaki pale mulangoni. Jua lilipofika kwenye ukuta wa jirani, Mama alileta ugali na sahani tatu, akaziweka mbele yetu kwenye mukeka, na mimi nikatazama sahani yangu.

Tumbo. Kipande chote, na mafuta yake, na mayai ndani yake. Priscille alikuwa na mukia.

Mama akarudi nyuma, akasimama, anangojea nile. Na mimi, mutu muzima, ninayejulikana Bunia yote, nilikichukua haraka, mutu asije akakisogeza. Nilikula. Nilikula mbele ya macho yao, sikumumegea mutu, nilinyonya mpaka mifupa. Nilikuwa nimengojea sana kile kipande.

Ilikuwa na ladha ya sabuni.

Nilijua sahani ilikuwa safi, nilijua Mama hakukosea kitu. Nilitafuna tena, na ilikuwa sabuni, kwenye meno, chini ya ulimi, mpaka kwenye koo. Sikuweza kumeza wala kutema. Wivu wangu haukuwa umekwisha, niwaambie hivyo. Nilikuwa ninafikiri, hata kiu yangu yeye anaijua kuliko mimi, yeye iko nayo miaka yote, mimi ninaipata leo. Nilibaki nimekaa na kinywa kimejaa.

Sikuomba kitu. Priscille aliacha mukia wake, akamwaga maji kwenye kikombe, akanyoosha mukono wa kushoto na kunisogezea, kile kidole kifupi kimeshika ukingo. Nikakunywa.